Waya Ulizosema Zinahitaji Muda

Baba Njeri mpendwa,

Nimetoka kanisani sasa hivi. Nimevua viatu mlangoni, nimeweka maji ya chai, na nimeketi kwenye kiti chako kwa sababu changu kina nguo za kukunja. Spika zako ziko hapa mbele yangu, zimevaa vile vitambaa nilivyozishonea, ulivyosema vinazifanya zionekane kama mabibi harusi. Najua hutasoma barua hii. Hata ulipokuwa hai hukuwa msomaji. Gazeti ulikuwa unalifungua kutoka nyuma, kwenye mpira, ukifika katikati unanirudishia. Lakini kuna mambo mengi sijakuambia tangu tulipokupeleka nyumbani kijijini kukuzika, na leo yamenijaa.

Wacha nianzie mbali kidogo.

Tulipooana tulikuwa na chumba kimoja mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, nyuma ya kiwanda, na kitu cha kwanza ulicholeta humo baada ya kitanda kilikuwa spika. Moja. Kubwa kama kabati. Nilikuuliza tutakaa wapi na wageni watakaa wapi, ukasema, "Watakaa juu yake." Na kweli walikaa. Mimi mwenyewe nilimenyea njegere juu ya hiyo spika mpaka ukaleta ya pili, halafu ile ampli ya kukuza sauti uliyonunua ikiwa imetumika na watu ambao hatukuwajua. Njeri alijifunza kusimama akishikilia spika ya kushoto. Ukimwona anatetemeka ulikuwa unapunguza sauti, ukiniambia mtoto anasikia muziki kwa miguu.

Tulipohamia Kariobangi, kwenye hii nyumba ya ghorofa, mafundi wa kusogeza kitanda mlikuwa wewe na ndugu yako, lakini spika hukuruhusu mtu azishike. Ulizipandisha ngazi mwenyewe, ukipumzika kila ghorofa.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yako. Tukitoka kanisani ulikuwa unafuta vumbi kwa fulana kuukuu, unaweka muziki wako wa zamani wa benga, halafu unaniita. "Mama Njeri, achana na sufuria. Kuja usikie." Unanisimamisha katikati ya nyumba, umenishika mabega kutoka nyuma. "Kuna gita mbili hapo. Hiyo ya mbele usijali, hiyo kila mtu anaisikia. Sikia ile ya nyuma." Mimi nilikuwa nasikia kelele moja tu, tamu, ndiyo, lakini moja. Nilikuwa naitikia kwa kichwa ili nirudi nikaangalie chakula kisiungue. Na ulikuwa unajua ninakudanganya. Ulikuwa unacheka na kuniachilia mabega.

Kazi yako ilikuwa kwenye mashine ile ya kukandamiza bati liwe sufuria. Njeri akiwa mdogo nilikuwa nakuletea chakula cha mchana, na kabla sijafika langoni nilikuwa nasikia ule mlio kwenye meno. Ninyi wote mlikuwa mnaongea kwa kupiga kelele na kwa mikono. Ukija nyumbani uliendelea kupiga kelele kidogo, na mimi nikadhani ndivyo wanaume wa kiwandani wanavyoongea.

Kisha ukaanza kulalamika kwamba muziki umekufa.

Kwanza ulilaumu ampli. Ukaifungua, ukaipiga brashi, ukaifunga. Halafu ukalaumu stima, ukisema umeme wa hii ploti ni hafifu. Halafu siku moja ukainama nyuma ya spika, ukashika zile waya nyembamba zilizounganishwa kwa tepu, ukasema, "Ndizo hizi. Zimezeeka." Jumamosi ulitoka ukaenda kwa wauza vifaa huku eneo la Light Industries, ukarudi na waya nene kama kidole changu kidogo, zenye ngozi ya plastiki ya kuonyesha mpaka ndani, na shaba yenyewe inang'aa. Ulizimenya ncha kwa wembe, ukasokota zile nyuzi kwa uangalifu kama unasuka mtoto, ukaziingiza kwenye tundu, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi.

Njeri alikuwa anakutazama kutoka mlango wa jikoni, yeye aliyetuita Buda na Mathe, baba na mama kwa lugha yake ya vijana. "Buda, hizi ni za spika ama za transfoma?"

"Wewe ngoja," ulimwambia. "Leo utasikia mpaka mwimbaji akimeza mate."

Ukawasha. Ukasimama katikati ya nyumba, kichwa umekiinamisha upande mmoja. Nilikuwa nakutazama uso. Nilikuwa nimezoea kuuona uso huo ukifunguka muziki ukianza. Haukufunguka.

"Bado," ukasema. Ukatueleza kwamba aliyekuuzia alisema usizihukumu siku ya kwanza. Waya mpya ni ngumu, sauti inakuwa imefungwa, na unatakiwa kuzipigisha muziki kila siku, polepole, mpaka zizoee. Zikizoea zinafunguka.

"Waya inazoea nini?" nilikuuliza.

"Inazoea muziki."

"Kwani inasikia?"

Tulicheka sote watatu siku hiyo. Nakumbuka Njeri alilala kwenye kochi akishika tumbo.

Basi tukaanza kuzizoeza. Asubuhi ukiondoka uliwasha, ukaniachia maagizo kama unaniachia mtoto mgonjwa. Nami nikienda sokoni kuuza nguo zangu za watoto nilimwachia Njeri maagizo hayo hayo. Ukirudi jioni ulikuwa unasimama pale pale, kichwa upande. "Bado." Kesho yake, "Bado kidogo." Na kila ukisema bado, mkono wako uliongeza sauti.

Mpaka Mama Abdi wa chini akapanda ngazi. Alibisha kwa adabu yake, akakataa kuketi. "Mama Njeri, mimi muziki sina shida nao. Lakini vikombe vyangu vinatembea kabatini."

Ulikasirika. Uliniambia, "Huyo mama ana neno gani na mimi? Hata sijaweka sauti!" Na dirisha lilikuwa linatetemeka, Baba Njeri. Nilikuangalia nikiwa nafikiri unanitania.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nakatakata mboga za sukuma jikoni, spika zinacheza, hujaniita. Na nikaisikia. Nyuma ya ile gita ya mbele kulikuwa na nyingine, ndogo, inarudia kitu kimoja tena na tena kama mtu anayeongea peke yake. Sikuwa nimeisikia hata siku moja katika maisha yangu. Niliacha kisu nikaja mbio sebuleni na mikono ya maji.

"Nimeisikia! Baba Njeri, ile gita ya nyuma, nimeisikia!"

Ulinigeukia kwa sababu uliniona naja. Nilirudia. Ulisimama wima, ukafumba macho, ukasikiliza kwa muda mrefu. Halafu ukayafumbua ukaniuliza, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwako, "Iko wapi?"

Nilirudi jikoni lakini sikukata tena zile mboga. Jioni hiyo, ulipokuwa umesimama dirishani umenipa mgongo, nilikuita jina. Hukugeuka. Nikasogea. Nikasema, "Baba Njeri, chai imemwagika yote." Hakuna. Nilipokugusa bega uliruka.

"Mbona unanitisha hivyo?"

Nilikuambia twende hospitali wakuangalie masikio, ukanikatalia. "Masikio yangu ni mazima. Ni waya." Na asubuhi ukaziwasha tena, ukaenda kazini.

Kilichokuvunja si mimi. Ni siku ile Njeri alipokuja amevaa ile blauzi yake nyeupe, akasimama mbele ya kiti chako akasema, "Baba, nimepata kazi. Nakuru. Wamenichukua." Alikuwa amesema polepole kwa sababu alikuwa karibu kulia. Nawe ukamjibu, "Ziko juu ya friji." Ulifikiri anatafuta funguo. Mtoto alikutazama, akanitazama, akaingia chumbani. Ukaniuliza amesema nini. Nikakukaribia sikioni nikakuambia. Kesho yake ulikuwa umevaa koti kabla sijaamka, unaningoja tuende.

Hospitalini walikuweka kwenye kile chumba kidogo cha kioo, wakakuvisha vile vya masikioni, wakakuambia ukisikia mlio, hata kama ni mdogo vipi, inua kidole. Mimi niliruhusiwa kusimama nje karibu na nesi. Kila alipobonyeza, taa ndogo iliwaka upande wake, na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba kuna sauti imekujia. Taa iliwaka. Ulikuwa umeketi wima, kidole tayari juu ya goti, uso umechangamka kama mwanafunzi anayejua jibu na anangoja swali. Taa ikawaka tena. Ukanitabasamia kupitia kioo, kwa maana kwako walikuwa bado hawajaanza.

Nilikuwa naomba, Mungu, kidole hicho kiinuke. Kiliinuka mwishoni, nesi alipofika kule ambako hata mimi, nje ya kioo, nilikuwa nasikia.

Daktari alisema ni ile mashine ya kiwandani. Alisema yaliyokufa ndani ya sikio hayarudi. Akatuelekeza kwa wenye vile vifaa vya kusaidia, na ukavijaribu, ukasema ni kama kila mtu anaongea akiwa ndani ya debe, na muziki ndio ulikuwa mbaya zaidi. Ukavirudisha kwenye boksi.

Lakini siku ile ya kwanza, tukitembea kutoka steji ya basi kuelekea nyumbani, ulisimama karibu na wale wanaochoma mahindi ukaniuliza, "Kwa hivyo waya zilikuwa sawa?"

Niliitikia kwa kichwa, kwa nguvu, ili uone.

"Tangu lini?"

Ukatangulia, nikakufuata nyuma, na nilipokuwa nyuma yako nikalia, maana nilijua hungenisikia.

Ukatuapisha. Mimi na Njeri, hapa sebuleni. Mtu asijue. Kiwandani wakijua watakutoa. "Na hapa mtaani wataniita kiziwi," ulisema. "Wakishaniita hivyo, wataanza kunisema nikiwa nimesimama hapo hapo." Tukakubali. Kanisani nilikufinya mkono wakati wa kusimama na wakati wa kuketi. Ukiongeleshwa ulicheka na kusema, "Ni kweli, ni kweli," na mara nyingi ilifaa. Lakini ngazini watu walikusalimu kwa nyuma ukapita, na nikaanza kusikia kwamba Baba Njeri siku hizi ana maringo. Mama Abdi mwenyewe aliniuliza kama ulikuwa bado umemkasirikia kwa ajili ya vikombe. Nilimwambia umechoka na kazi.

Na bado, nikiulizwa ni wakati gani wa ndoa yetu ningependa kurudishiwa, ningeomba zile Jumapili za mwisho. Ulikuwa unakokota kiti mpaka kwenye spika, unaweka kiganja juu yake, nami naketi upande wako wa kulia, ambao ulikuwa bora kidogo, nakuambia. "Sasa mwimbaji ameingia." "Sasa wamemwachia mpiga gita." "Sasa wanaitikiana." Ulikuwa unafumba macho. Wakati mwingine nilikosea na wewe ukanisahihisha, kwa sababu nyimbo hizo ulikuwa nazo kichwani. "Hapana, hapo bado kuna ngoma kwanza." Na kweli, ngoma ikaja. Mimi niliyekuwa nakimbilia sufuria, nikawa nangoja Jumapili kama msichana.

Siku ile ulikuwa unatoka kazini. Ulikuwa umeshavuka barabara kubwa, kule kwenye hatari, umeingia hii ndogo yetu ambayo watoto huchezea mpira. Lori la kubeba mchanga lilikuwa linakuja nyuma yako. Waliokuwa kwenye kibanda cha mboga wanasema dereva alipiga honi, akapiga tena, na wao wenyewe wakapiga mayowe. Wewe ulikuwa unatembea tu. Alipokanyaga breki ilikuwa karibu mno.

Walinijia sokoni. Nilikukuta umefunikwa kwa kanga ya mtu. Dereva alikuwa ameketi chini kando ya gurudumu, kijana tu, anarudia, "Nilipiga honi. Nilipiga honi, mama." Nilikushika bega mara mbili, vile nilivyokuwa nakushika nikitaka unigeukie.

Kilichofuata sijawahi kukuambia. Kwenye matanga watu walianza kunong'ona. Kwamba mtu hawezi kupigiwa honi yote hiyo, akapigiwa na mayowe, asisogee, isipokuwa ameamua. Kwamba siku hizi ulikuwa huongei na watu. Kwamba ulikuwa na mawazo. Ndugu yako alinivuta kando akaniuliza kama tulikuwa tumegombana. Mahubiri ya mazishi yalikuwa mafupi, na mchungaji, ambaye ni mtu mwema, aliomba Mungu akuhurumie "kwa yale anayoyajua yeye peke yake." Njeri alinishika mkono pale kaburini akaniambia chini chini, "Mathe, waambie." Nikamwambia, "Tulimwahidi." Nimenyamaza mpaka juzi.

Juzi, jioni mapema, mlango ulibishwa. Ilikuwa yule dereva, na mke wake, wamebeba unga na sukari na majani chai. Alikuwa amekonda mpaka nguo zinamning'inia. Niliwakaribisha kwa sababu sikujua kufanya kitu kingine. Waliketi hapo kwenye kochi. Chai nilipoleta hakuigusa.

Mke wake ndiye aliyeanza. "Mama, tusamehe kukujia hivi. Huyu tangu siku ile hajashika usukani. Halali. Anauliza swali moja tu, na mimi sina jibu."

"Uliza," nikamwambia.

Alikuwa anatazama sakafu. "Mzee alikuwa na shida gani, mama? Nataka kujua tu. Kwa sababu nilipiga honi nikiwa mbali. Nilikuwa na wakati. Kama angesogea kidogo tu. Watu wananiambia alitaka. Alinichagua mimi. Nami najiuliza, alinionea nini mimi, na ana familia na mimi nina familia."

Halafu akainua macho akaona spika. Wageni wote huziona. "Alikuwa mtu wa muziki?" akauliza, na nadhani aliuliza ili tu asilie.

Baba Njeri, nilikutafuta humu nyumbani kwa macho, nikitaka ruhusa. Hukuwepo. Kulikuwa na huyo mtu, na mke wake anamshika goti. Nikaanza na waya. Sikupanga. Nilimwambia ulinunua waya mpya ukidhani za zamani zimeharibu muziki, na ulivyozipigisha kila siku zizoee, na ulivyosimama hapo ukisema bado. Nikamwambia waya hizo zilikuwa nzuri tangu mwanzo. Nikaona anaanza kuelewa kabla sijamaliza.

"Hakuwa anasikia?"

"Hakuwa anasikia."

"Kwa hivyo honi..."

"Hakuisikia. Alikuwa anakuja nyumbani kula. Nilikuwa nimemwambia asubuhi nitapika githeri."

Mtu huyo alijiinamia akalia kwa sauti, kama anavyolia mtoto, na mke wake akalia, nami nikalia pamoja nao, watu nisiowajua hata majina. Alipotulia alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili na hakusema asante. Alisema, "Pole, mama. Pole sana." Ilikuwa mara ya kwanza kupewa pole kwa ajili yako, si kwa ajili ya yule mtu mwingine ambaye watu walikuwa wamemtengeneza midomoni mwao.

Walipoondoka nilishuka ngazi nikabisha kwa Mama Abdi. Nikamwambia na yeye. Alijifunika uso kwa mtandio wake. "Na mimi nilimnunia," alisema. "Miezi yote hiyo nilimnunia."

Nikampigia Njeri Nakuru. Nilimweleza yote. Kisha akasema, "Sasa malizia, Mathe."

Ndiyo maana leo, wakati wa ushuhuda, nilisimama. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kusimama. Nilishika kiti cha mbele. Niliwaambia kazi yako iliyachukua masikio yako kidogo kidogo, bila wewe wala sisi kujua, kisha ukatuomba tukufiche. Niliwaambia kwamba hukuwa na maringo na hukuwa na mawazo. Mchungaji alitoka pale mbele akaja mpaka niliposimama. Ndugu yako alikuwa nyuma, sikumwona akitoka, lakini nilimkuta nje amesimama peke yake karibu na ukuta, ameshika kofia. Aliniambia atakwenda nyumbani mwisho wa mwezi awaeleze wazee mwenyewe, kwa mdomo wake.

Wamekuita kiziwi, Baba Njeri. Wote wanajua sasa. Nilidhani nikishasema nitasikia wepesi, na kwa ajili yao nimesikia, lakini kwa ajili yangu bado nyumba ni ile ile, na chai nimemimina vikombe viwili tena. Nimekunywa changu. Chako kimepoa hapo mezani, na nimeshindwa kukimwaga.

Pumzika huko uliko, mume wangu. Jina lako nimelisafisha kadiri nilivyoweza.

Mke wako,
Mama Njeri